Tambara ni la Bure, Saa Zake Hazijalipwa

Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 16, ana maelezo mafupi kuhusu wafumaji wa Sofala, Msumbiji ya leo, ambayo ningependa yabandikwe mlangoni pa kila karakana inayofundisha sanaa ya nguo kwa mabaki. Wafumaji wale walikuwa na pamba yao na waliifuma vizuri, ila nguo zao zilibaki nyeupe kwa sababu rangi hawakuwa nazo, au hawakujua kuzitia. Basi walichukua vitambaa vya buluu vilivyoletwa kwa jahazi kutoka Cambay, India, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe. Nguo zilizotoka hapo, anasema Barbosa, ziliwapatia dhahabu nyingi.

Kitambaa kile cha Cambay hakikuwa takataka. Kilikuwa bidhaa iliyovuka bahari na kulipiwa. Mtu hakai akafumua nguo nzima, tena nzuri, kwa kuyaonea huruma mazingira. Anafumua kwa kuwa amepiga hesabu na kuona kwamba uzi ule ukipita tena mikononi mwake utauzwa ghali kuliko ulivyokuja. Saa za kufumua zimo ndani ya bei. Sasa, miaka 500 baadaye, tunafundishana kazi ileile mijini mwetu, na hesabu hiyo ndiyo tumeiacha nje.

Warsha zenyewe hazina uhaba. Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, Nairobi, Kampala: utakuta akina mama na vijana wamezunguka meza, wanakata fulana za mitumba kuwa tepe, wanasuka mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, wanafuma kanda za kaseti, wanatoboa vifuniko vya chupa na kuvishonea kwenye gunia. Kazi inapendeza macho na picha zinatoka vizuri. Siku ya tatu vyeti vinagawiwa, bango la mfadhili linakunjwa, na kikundi kinabaki na ujuzi mpya pamoja na mzigo wa pochi ambao baada ya miezi kadhaa bado uko kwenye kiroba nyumbani kwa mwenyekiti. Ukiuliza kwa nini haziuziki utaambiwa watu wetu hawathamini vya nyumbani, au soko hakuna. Mimi naona tatizo liko mezani palepale, siku ya kwanza kabisa, mwezeshaji anaposema kwa furaha: "Malighafi ni ya bure!"

Malighafi hii inagharimu sana, ila gharama yake hailipwi dukani. Inalipwa kwa saa.

Chukua sweta kuukuu. Lipo sweta lililofumwa vipande kwa umbo lake, mgongo peke yake, kifua peke yake, kisha vipande vikaunganishwa kwa uzi. Hilo linafumuka: unatafuta uzi wa maungio ubavuni, unaukata, unavuta, na mgongo mzima unakuja kama uzi mmoja mrefu. Lipo na jingine lililokatwa kutoka kwenye jora kisha likashonwa kwa ovaloki. Hilo usijisumbue nalo, maana kila mstari wake umekatwa pembeni, na utakachopata ni rundo la nyuzi fupi zisizozidi upana wa kifua cha mtu. Tofauti huioni mpaka uligeuze sweta ndani nje na kuangalia mshono. Hata lile linalofumuka, uzi wake unatoka umejikunjakunja, lazima uuzungushe kuwa vitita, uufue na uuanike umening'inizwa kitu kizito ndipo unyooke. Wasusi wa viondo nchini Kenya walilijua hili tangu zamani. Uzi wa akriliki kutoka kwenye masweta yaliyofumuliwa uliingia kwenye viondo vyao kando ya mkonge bila warsha ya mtu yeyote, kwa sababu ulikuja umeshatiwa rangi na mteja alizipenda rangi hizo.

Fulana nayo ina siri zake. Ile ya pamba iliyofumwa kama bomba, isiyo na mshono ubavuni, inakupa utepe mmoja usiokatika. Unaanza kukata kwenye pindo la chini kwa mzunguko hadi kwapani, kisha unauvuta, nao unajikunja wenyewe mithili ya kamba. Yenye mshono ubavuni inaacha kifundo kila utepe unapopita pale, na kifundo hicho kitaonekana kwenye zulia mpaka siku litakapotupwa. Yenye poliesta nyingi haijikunji, inateleza, na ukiipitisha pasi ya moto inang'aa vibaya kisha inayeyuka. Ndiyo maana fundi mzoefu habishani na lebo iliyofutika: anachomoa uzi, anauwasha kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu; poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Jinzi ndiyo mtihani kabisa. Inataka sindano namba 16 au 18, na mikunjo yake ya pindo imevunja sindano nyingi za vikundi vilivyopewa cherehani ya nyumbani kama msaada.

Yote hayo ni kazi ya kabla ya kazi. Bado hujabuni chochote. Tufanye mfano wa hesabu, namba zake ni za kubuni ila mwenendo wake ni wa kweli. Pochi moja ya tepe za fulana: kuchambua, kufua na kuanika, kukata, kusuka, kutia bitana na zipu, tuseme saa 9 kwa mtu aliyezoea. Inauzwa shilingi 15,000. Toa zipu, bitana, uzi na nauli, tuseme 5,000. Zimebaki 10,000, yaani kama shilingi 1,100 kwa saa, kabla hujatoa ushuru wa meza na siku ulizokaa kwenye maonyesho ukiwapungia nzi. Kikundi kilichoambiwa malighafi ni bure kitaona faida ya 10,000. Kikundi kilichofundishwa kuhesabu saa kitaona kwamba pochi hii, kwa ubunifu huu na bei hii, haifai kutengenezwa, na kitabadilisha kitu: aina ya fulana, ususi, mteja, au kitaacha kabisa. Uamuzi huo ndio ambao warsha nyingi hazimfikishi mtu.

Hapo watetezi wa mazingira hunishika shati. Hata kama pochi haiuziki, wanasema, si tumepunguza taka? Hebu tuangalie kipimo chake. Ripoti ya taasisi ya Changing Markets Foundation ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba nguo za mitumba zaidi ya milioni 900 ziliingia Kenya mwaka 2021, na sehemu kubwa ilikuwa imeharibika au imechafuka kiasi cha kutouzika. Belo la kawaida lina kilo 45. Belo la fulana ni fulana zaidi ya 200. Kikundi cha watu 20 kinachofanya kazi ya maana, si ya kukata na kubandika, belo moja litakishughulisha wiki nzima, na wakati huo kwenye soko la Gikomba jijini Nairobi yameshafunguliwa mabelo yasiyo na idadi. Wauzaji wenyewe wana ngazi zao: za kwanza kabisa huziita kamera, za mwisho fagia, na baada ya fagia kuna zile zinazoishia ukingoni mwa mto Nairobi au kwenye jalala la Dandora. Warsha haitapunguza mlima huo hata tukiifanya kila Jumamosi. Mlima huo unaanzia kwenye viwanda vinavyoshona nguo za kuvaliwa mara mbili na nchi zinazozisukuma huku. Kumbebesha mama mwenye mkasi dhamana ya kuusafisha ni kumwonea, tena kwa jina la kumsaidia.

Zaidi ya hapo, hoja ya mazingira inaiharibu kazi yenyewe. Mnunuzi akishaambiwa pochi hii imeokoa fulana tatu zisitupwe, haitazami tena pochi. Ananunua moja kwa huruma, anaipeleka nyumbani, haitumii, na hanunui ya pili. Huruma ina bei yake, na siku zote ni ndogo.

Sasa tuwatazame walioitoa kazi ya mabaki kwenye shimo hilo. Nitaanza mbali kidogo, Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kwenye kona ya mto Alabama. Wanawake wa hapo, vizazi na vizazi, walishona mablanketi ya viraka kutoka kwenye nguo za shamba zilizochakaa. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mwaka 1972 ushirika ukapata zabuni ya kampuni ya Sears kushona foronya za kodrai, na mabaki ya kodrai yale yakarudi majumbani na kugeuka mablanketi ambayo leo ni miongoni mwa yanayosifiwa zaidi. Mwaka 2002 mablanketi ya Gee's Bend yaliwekwa kwenye maonyesho makubwa jijini Houston, kisha kwenye jumba la makumbusho la Whitney jijini New York, na wahakiki wakayajadili kwa lugha wanayoitumia kwa michoro ya mabwana wakubwa wa karne ya 20.

Kilichobadilika ni nini? Viraka vilikuwa vilevile. Zamani yalikuwa mablanketi ya kijiji fulani. Kwenye maonyesho kila blanketi lilitundikwa ukutani na jina la mshonaji na mwaka wake, na mtazamaji akaanza kuona kwamba huyu anapenda mistari ya wima, yule anavunja pembe makusudi, huyu kamjibu mama yake. Saa za mtu zilipata mwenyewe. Nisiipambe hadithi, kwa sababu fedha zilifuata na ugomvi ukafuata fedha: mwaka 2007 baadhi ya washonaji waliwafungulia mashtaka wakusanyaji waliowatangaza, wakidai haki zao katika mauzo na matumizi ya ruwaza zao. Baadaye mashauri hayo yalimalizwa. Lakini hata kesi ile ni ushahidi, kwa kuwa hakuna anayekwenda mahakamani kugombea kitu kisicho na mwenyewe.

El Anatsui, Mghana aliyefundisha kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, ndiye atajwaye kila warsha ya vifuniko vya chupa inapofunguliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe kali, akaanza kuvibapa, kuvikunja na kuviunganisha kwa nyaya za shaba hadi vikawa mashuka makubwa yanayolala ukutani kwa mikunjo kama ya kitambaa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa (Biennale) mjini Venice kwa kazi ya maisha yake, na mwaka 2023 kazi zake zilijaza ukumbi mkuu wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Wanaomwiga huona vifuniko. Hawaoni karakana ya vijana wengi wanaokaa siku nzima wakiunganisha vipande vidogo ambavyo msanii huvipanga na kuvipangua sakafuni, wala hawaoni kwamba mtoto huyu wa nyumba ya wafumaji wa vitambaa vya kente alishakuwa mchongaji na mfinyanzi kwa miaka zaidi ya 20 kabla ya mfuko ule. Anatsui mwenyewe hapendi kazi yake iitwe urejelezaji wa taka. Vifuniko vile havirudi kuwa vifuniko. Binafsi nina dukuduku langu kuhusu vijana wale ambao majina yao hatuyajui, ila angalau wanalipwa kwa kazi, hawapewi vyeti.

Mfano unaotuhusu zaidi uko Uganda. Sanaa Gateja, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, alisomea usonara na usanifu Ulaya, akarudi, na kuanzia miaka ya 1990 akawafundisha wanawake wengi kukata karatasi zilizotupwa kuwa pembetatu ndefu, kuzivingirisha, kuzigandisha kwa gundi na kuzipaka vanishi ziwe shanga. Leo shanga za karatasi zinauzwa kwenye kila kibanda cha ukumbusho kutoka Kampala hadi Nairobi na Arusha. Ni mafanikio ya kufundisha ambayo sijui mangapi yanaweza kuyafikia. Ni somo chungu pia: ujuzi ulisafiri kuliko ubunifu. Kila mtu akajua kuvingirisha karatasi, wachache wakajua kupanga rangi, na mkufu uleule, wenye urefu uleule, ukajaa sokoni hadi mteja akawa ndiye mpanga bei. Gateja mwenyewe alienda njia nyingine. Alizichukua shanga zilezile akazishonea kwa maelfu juu ya magome ya mti wa mutuba, kitambaa cha kale cha Baganda ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005, akatengeneza mazulia ya ukutani yanayosomeka kwa mbali kama mchoro na kwa karibu kama saa za watu waliokaa pamoja. Shanga moja haina thamani yoyote pale. Anayelipa analipia mpango.

Magome yenyewe yanastahili sentensi mbili, maana wengi wetu wa pwani tunayajua kwa jina tu. Gome linabanduliwa kwenye mti ulio hai, mti unafungwa majani ya mgomba ili upone na uote gome jipya, na gome linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linatanuka mara kadhaa na kulainika. Hakuna uzi wala kufuma, na ndiyo sababu sindano ya Gateja inalipenda: halifumuki pembeni kama kitambaa kilichofumwa.

Waganda wamekwenda hatua moja mbele pia kwenye suala la majina. Acaye Kerunen, ambaye kazi zake zinaunganisha mikeka, ukili, makuti na nyuzi za migomba zilizosukwa na wanawake wa sehemu mbalimbali za nchi, alikuwa mmoja wa wasanii wawili wa banda la kwanza la Uganda kwenye maonyesho yaleyale ya Venice mwaka 2022, banda lililopewa sifa maalumu na waamuzi. Mwaka 2024 yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa msimamizi wa maonyesho, na kwenye orodha ya wasanii, pamoja na Gateja na wengine, likawekwa kundi la wafumaji. Unaweza kusema kundi bado si jina la mtu, na nitakubaliana nawe. Ila linganisha na lebo tunazoning'iniza sisi kwenye mikoba: "Imetengenezwa na kina mama wa Afrika." Mama yupi?

Pwani tuna kisa chetu cha jambo hili, nacho tunakivaa. Kanga, kama inavyosimuliwa, ilianza katika karne ya 19 pale wanawake wa Zanzibar na Mombasa waliponunua leso za rangi zilizouzwa kwa jora, wakaacha kuzikata moja moja, wakakata tatu tatu na kuunganisha vipande viwili kwa sindano wapate vazi la leso sita. Hakuna mfanyabiashara aliyewaza hivyo. Ruwaza ya kwanza ya kanga ilikuwa mshono. Walipoona vazi linapendwa, wenye maduka wakaagiza kutoka ng'ambo kitambaa kilichochapwa kizima, kikiwa na pindo na mji wake tayari, na mshono ukawa hauna kazi. Wanawake wale walifanya utafiti wote wa bidhaa, wakalipia malighafi, wakafanya majaribio kwa miili yao wenyewe, kisha faida ikaingia kwenye vitabu vya watu wengine. Hatujui jina la hata mmoja wao. Warsha inayofundisha watu kubuni kwa mabaki bila kuwafundisha kuweka alama zao, kupiga picha kazi zao kwa tarehe na kuandikiana mikataba hata ya ukurasa mmoja, inaandaa kanga nyingine.

Kuhusu siasa za mitumba nitapita haraka, maana zimeandikwa sana. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole. Wenye biashara hiyo Marekani wakalalamika serikalini kwao. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza kamba. Rwanda ilikuwa imeshapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ikaendelea, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye unafuu wa AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Kwa mada yetu, kinachonivutia ni jibu la mbunifu Bobby Kolade, aliyetoka Berlin akarudi Kampala na mwaka 2022 akazindua, chini ya jina la Buzigahill, mkusanyiko aliouita Return to Sender. Ananunua mitumba kwenye soko la Owino, anaikata, anaiunganisha upya kuwa nguo nyingine, kisha anawauzia watu wa nchi zilikotoka. Hauzi huruma. Anauza nguo kwa bei ya mbunifu, na maana ya kisiasa imeshonewa ndani ya mshono bila hotuba. Kama kuna mtu wa leo ninayemwona akifanya kazi ya wafumaji wa Sofala, ni huyo.

Kwa anayetaka kuanzisha karakana ushauri wangu utawashangaza wanaodhani sanaa ya mabaki inaanzia jalalani. Anza chini ya meza ya fundi cherehani. Vipande vya kitenge vinavyodondoka pale ni vipya, havihitaji kufuliwa, havina jasho la mtu, rangi zake zinajulikana, na vingi bado ni pamba, ingawa vitenge vya poliesta vimejaa na kiberiti lazima kifanye kazi yake. Mafundi wengi huvijaza kwenye mito au huvitupa. Kwa saa zilezile ambazo kikundi kingefua na kuchambua fagia, kinaweza kuwa kimeshapanga viraka ukutani na kuvibadilisha mara tatu. Ubunifu unahitaji muda wa kubadilisha mawazo, na muda huo unatoka kwenye kapu lilelile la saa.

Jambo jingine ni uhakika wa kupata malighafi. Vilikuwepo vikundi vilivyokata mifuko ya rambo, juala kama wasemavyo Wakenya, na kuifuma mikeka na mikoba. Kenya ikaipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Marufuku yale nayaunga mkono kwa mikono miwili. Lakini karakana iliyojijenga juu ya taka ya aina moja inaishi kwa kuomba taka hiyo isiishe, na hiyo ni biashara ya ajabu kwa mtu anayejiita mtetezi wa mazingira. Waliokuwa wamefundishwa ususi walihamia kwenye ukili na mikanda ya maboksi ndani ya muda mfupi. Waliokuwa wamefundishwa "kutumia mifuko" walifunga.

Najua kuna warsha zisizolenga kuuza. Watu wanakutana, mikono inafanya kazi, maneno yanatoka ambayo yasingetoka wakiwa wamekaa wakitazamana. Wagonjwa, wakimbizi, wazee, wanafunzi waliochoka na mitihani, wote wanapata kitu hapo, na mimi siwezi kukipima kwa shilingi. Sawa. Iitwe hivyo basi, na kwenye andiko la mradi lisiwekwe neno "kipato". Anayetaka kipato aende Iringa akaitazame Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Mle mna karakana za kufuma, kushona na kutengeneza karatasi, duka, mgahawa na nyumba ya wageni, na watu wanafika kazini Jumatatu kama wafikavyo ofisini. Nguo inayofumwa pale ina dari juu yake, mshahara nyuma yake na mteja wa mgahawani anayepita mbele yake. Siku tatu za mafunzo haziwezi kushindana na hilo.

Na kwa kuwa Tanzania imeanza mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, katika shule za sekondari, kuanzia kidato cha kwanza cha mwaka 2024, nina ombi kwa watakaoandika masomo ya ushonaji. Sehemu ya faida kubwa ya mtumba kwa mwanafunzi ipo kabla hata hajatengeneza chochote: ipo kwenye kuufumua. Mpe shati la mikono mirefu lililoshonwa kiwandani, kiwembe cha kufumulia na karatasi kubwa. Afumue kinyume cha lilivyoshonwa, kola, mkono, kafu, bega, mgongo, vifua viwili, na kila kipande akilaze kwenye karatasi, akichore ukingo wake, aandike upana wa mshono na uelekeo wa uzi. Akimaliza atakuwa na patani kamili iliyochorwa na mtu aliyelipwa vizuri kuichora, na atakuwa ameshika kwa vidole sababu ya kila mkunjo. Arudie kwa shati la kike, kisha suruali, kisha koti lenye bitana ambalo litamchukua wiki. Kila kitambaa kilichofumuliwa kiende kwenye kapu la viraka kwa darasa la muhula unaofuata, na saa zake ziandikwe kwenye daftari lake, kipande kwa kipande. Kwa shati la kwanza aanzie kwenye kola: ina kitambaa cha juu, cha chini, kigumu katikati na kishikizo cha shingo, na ndipo mafundi wengi wa mtaani hukwama.